Tuonyesheni Tunachokivuta: Barua ya Wazi kwa Wanaoendesha Biashara ya Kupiga Mbizi

Kwa wakuu wa mashirika ya mafunzo, watengenezaji wa vifaa, wamiliki wa vituo vya kupiga mbizi na wenye boti,

Yah: Mambo tunayotaka kuonyeshwa kabla ya kuingia majini

Salaam.

Nawaandikia kama mteja wenu. Si mkufunzi, sina kituo, wala sina ninachouza. Ni mmoja wa wale wanaolipa, wanaosaini fomu, wanaovaa mtungi mgongoni na kujirusha majini wakiamini kwamba kila kitu kilichofungwa mwilini mwao kimepitia mikono ya mtu anayeijua kazi yake. Mchezo huu naupenda kwa moyo wote, ndiyo maana barua yenyewe ni ndefu.

Vituo vizuri vipo, na walimu wanaojituma wapo wengi. Tatizo ni kwamba mteja hana njia ya kuwatofautisha na wabaya mpaka awe ameshashuka, na akishashuka hana tena nafasi ya kuuliza. Tunauziwa mbuzi kwenye gunia, halafu tunaambiwa tutie saini kwamba tumemkagua. Kwa hiyo ombi letu ni moja: chochote ambacho uhai wetu unakitegemea kiwe na ushahidi ambao mteja anaweza kuuona kwa macho yake kabla ya kulipa.

Naanza na hewa.

Hewa ya mtungini haionekani, na sumu ya hatari kuliko zote inayoweza kuingia humo haina hata harufu. Naizungumzia kaboni monoksidi. Huingia kwa njia mbili ambazo kila fundi wa kompresa, mashine ya kujazia mitungi hewa, anazijua. Ya kwanza ni mdomo wa bomba la kuvutia hewa kukaa karibu na moshi: wa injini ya kompresa yenyewe, wa jenereta, au wa boti iliyoegeshwa upande unakotoka upepo. Ya pili ni mafuta ya kompresa kupata joto kupita kiasi na kuanza kuungua ndani kwa ndani, hivyo hata kompresa ya umeme isiyotoa moshi wowote inaweza kuitengeneza sumu hiyo. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kuvuta, EN 12021, kinaruhusu sehemu 5 tu za gesi hiyo kwa kila milioni. Marekani, hewa ya daraja E huruhusiwa kuwa na 10.

Namba hizo zimewekwa chini hivyo kwa sababu ya kina. Kwenye mita 30 presha ni mara nne ya ile ya juu ya maji, na kila gesi iliyomo mtungini inamsukuma mvutaji kwa nguvu mara nne. Sehemu 50 kwa milioni, ambazo mtu akizivuta akiwa amekaa nchi kavu kwa muda mfupi huenda asihisi lolote, kule chini ni sawa na sehemu 200. Mtungi ukiwa umechafuka zaidi ya hapo, kuna jambo la kutisha linalofuata. Mpiga mbizi akiwa bado chini, oksijeni iliyoongezwa nguvu na presha humsaidia kustahimili. Anapoanza kupanda, msaada huo unapungua huku sumu ikiwa bado imeing'ang'ania damu. Anaweza kuzirai akiwa njiani kurudi juu, na wenzake wakadhani ni moyo, au ni hofu tu.

Nimewahi kuomba kuona ripoti ya hewa kwenye kituo kimoja. Mhudumu alikuwa mtu mwema, hakukasirika. Alifungua vali ya mtungi kidogo, hewa ikatoka kwa kishindo, akaniambia ninuse mwenyewe. Nikanusa. Haikuwa na harufu. Akatabasamu kana kwamba jambo limekwisha. Yule kijana alifanya alichofundishwa, na simlaumu yeye. Nawalaumu waliompa kazi ya kujaza mitungi bila kumwambia kwamba pua haiwezi kuinasa gesi hiyo.

Tunachoomba hapa hakihitaji uvumbuzi wowote. Hewa ipimwe maabara kwa ratiba, na majibu yake, yakiwa na tarehe, yabandikwe pale tunapochukulia mitungi. Saa za kompresa na siku chujio lilipobadilishwa ziandikwe kwenye daftari linaloonekana. Chujio lenyewe lina uhai wake: ile kemikali inayoigeuza kaboni monoksidi, hopkaliti, hufanya kazi ikiwa kavu, unyevu ukiifikia inakuwa pambo. Joto la mahali nalo hulichosha chujio mapema kuliko kitabu kinavyosema. Na kompresa iwe na kipimo cha kaboni monoksidi kinachofanya kazi wakati wote wa kujaza, chenye uwezo wa kuizima mashine. Vipimo hivyo vipo sokoni. Kuna wapiga mbizi wanaosafiri na vidogo vya mkononi kwa sababu wamechoka kubahatisha, na sielewi kwa nini mzigo huo uwe wa mteja.

Mitungi yenyewe pia tuionyeshwe. Mhuri wa jaribio la kupima uimara wa mtungi kwa presha ya maji upo shingoni, lakini wageni wengi hawajawahi kufundishwa kuusoma. Chukueni dakika moja kwenye maelezo ya asubuhi kuwaelekeza. Kwa ajili ya wajazaji wenu, si yetu sisi tu, iondoeni mitungi ya zamani ya alumini ya aloi 6351, inayojulikana kupata nyufa shingoni, na hakikisheni hesi za vali na za mtungi zinalingana, zisichanganywe za inchi na za milimita. Vali isiyolingana inaweza kuingia na kuonekana imekaa, kisha ikachomoka kama risasi mtungi ukijazwa. Anayekuwa amesimama pale ni mfanyakazi wa mshahara mdogo kabisa kituoni.

Niwageukie watengenezaji. Regyuleta, kile kifaa kinachoipunguza presha ya mtungi na kuileta hewa mdomoni, mnatuambia tuipeleke kwa fundi kila mwaka, wengine kila miaka miwili. Sawa. Tunaipeleka, tunalipa, na tunarudishiwa ndani ya mfuko wa plastiki bila karatasi yoyote. Oringi gani, zile pete za mpira za kuziba, zilibadilishwa? Kiti cha vali kilikuwa kimelika kiasi gani? Presha ya kati, yaani ya hewa iliyokwisha kupunguzwa mara ya kwanza kabla ya kufika mdomoni, ambayo kwa regyuleta nyingi hukaa kwenye bar 9 hadi 10 hivi (bar ni kipimo cha presha), ilisomekaje kabla na baada? Fundi mzuri anayajua yote haya kwa sababu ameyapima. Ayaandike, na vipuri vilivyotolewa aturudishie. Fundi wa gari hufanya hivyo bila kuombwa mara mbili.

Kuna na hili la vipuri kufungiwa. Kampuni nyingi haziuzi seti za matengenezo wala vitabu vya ufundi ila kwa wakala wao. Naielewa hofu yenu: mtu asiyejua akiifungua regyuleta anaweza kujiua. Lakini kwa mtu anayeishi siku nzima ya safari kutoka kwa wakala wa karibu, matokeo ya kanuni hiyo ni kwamba regyuleta haifanyiwi matengenezo kabisa, au inafanyiwa na mtu aliyekisia. Wekeni mtihani wa ufundi ulio wazi kwa yeyote, na atakayefaulu auziwe vipuri, awe anauza bidhaa zenu au la.

Kwenye kompyuta za mbizi nitakaa kidogo, maana hapo usiri umezidi. Kompyuta hii tunaifunga mkononi ituambie tukae chini muda gani na tupande vipi ili naitrojeni iliyoyeyuka mwilini isigeuke mapovu. Wapiga mbizi wawili waliokuwa bega kwa bega mbizi nzima, kila mmoja na kompyuta ya kampuni yake, wanaweza kuonyeshwa dakika zinazopishana sana. Hilo peke yake si kosa, kwa sababu hakuna anayejua mpaka kamili wa usalama wa mwili wa kila mtu. Kosa ni kwamba baadhi yenu mnakataa kutuambia hesabu iliyotumika. Mfumo wa Bühlmann, mmoja wa hesabu hizo, umechapishwa, na kompyuta zinazoutumia zikiwa na vipimo vya kurekebisha tahadhari humwezesha mtu kujua alichokichagua. Nyingine zinakupa kitufe cha "tahadhari zaidi" na "tahadhari kidogo" bila kueleza kila hatua inabadilisha nini. Mimi mwenye mwili wangu, umri wangu na historia yangu ya kiafya, nitaamuaje?

Rekodi za mbizi zetu nazo mmezifungia. Mwaka 2011 Linus Torvalds, yule aliyeanzisha Linux, naye akiwa mpiga mbizi, alianza kuandika programu ya bure iitwayo Subsurface ya kuhifadhi rekodi za mbizi. Programu hiyo inategemea kazi ya wapenzi wengine wa mbizi ambao walilazimika kuchunguza kompyuta za kampuni mbalimbali moja moja, wakifumbua namna kila moja inavyoongea na mashine ya nyumbani. Kazi kubwa imefanywa kwa hiari, kwa sababu tu kampuni hazikutaka kuchapisha maelezo ya kurasa chache. Kina nilichofika, muda niliokaa, kasi niliyopandia: hivyo ni vyangu. Nikiumwa baada ya mbizi, daktari anavihitaji siku hiyo hiyo, si baada ya mimi kutafuta waya maalumu ambao kampuni iliacha kuutengeneza. Chapisheni mfumo wa data. Tumieni waya wa kawaida. Na betri tuweze kuibadilisha wenyewe kwa sarafu na oringi mpya, bila kuituma kompyuta ng'ambo kwa wiki kadhaa.

Mafunzo sasa, na hapa naomba mnivumilie.

Cheti cha kwanza cha shirika la mafunzo la PADI, ambacho ndicho kinachojulikana zaidi, humruhusu mtu kushuka hadi mita 18 akiwa na mwenza mwenye cheti kama chake, bila mkufunzi. Anakipata baada ya mazoezi ya bwawani na mbizi nne za maji wazi, na hakina tarehe ya kuisha. Mashirika mengine hayako mbali na hapo, kwa kuwa viwango vya kimataifa vya ISO 24801 vimeyasogeza karibu karibu. Sitaki kubishana kama mbizi nne zinatosha. Kwa mwanafunzi fulani na mwalimu fulani zinatosha. Ninachosema ni kwamba kuna somo moja lisilopewa nafasi yake, na ndilo linaloua.

Mwaka 2008 watafiti wa shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wapiga mbizi, walichapisha uchambuzi wa vifo 947 vya wapiga mbizi wa burudani. Katika vile ambavyo chanzo cha awali kilijulikana, asilimia 41 vilianza na hewa kutotosha. Kunasa mahali kulichukua asilimia 20, hitilafu za vifaa 15. Rudieni namba hiyo ya kwanza. Geji inayoonyesha hewa iliyobaki huwa kifuani au mkononi mwa mpiga mbizi.

Wengi wetu tulikaririshwa namba moja: 50. Uwe umerudi juu na bar 50. Namba hiyo ilitoka wapi, na inatosha nini, hatukuambiwa. Hebu tuihesabu. Wapiga mbizi wawili wako mita 30, hewa imemwishia mmoja na sasa wote wanavuta kutoka mtungi mmoja. Tuseme kila mmoja anatumia lita 20 kwa dakika kwa kipimo cha juu ya maji. Dakika moja ya kupeana regyuleta na kutulia pale chini inakula lita 160. Kupanda kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika, kama dakika tatu na nusu, ni lita 350. Kusimama dakika 3 kwenye mita 5 ni lita 180. Jumla ni lita 690. Kwenye mtungi wa alumini wa lita 11, ambao umejaa kwenye boti za mbizi duniani kote, hiyo ni takriban bar 63 zinazotakiwa kuwemo wakati tatizo linaanza, wakiwa bado kule chini. Na hapo nimewapa pumzi za watu waliotulia. Aliyeshikwa na hofu hufika lita 30 bila shida. Wakifika hapo wote wawili, zinahitajika bar 94 hivi.

Hesabu hii ni ya kuzidisha na kujumlisha. Mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Inafundishwa, tena vizuri, lakini mara nyingi kwenye kozi za mbele ambazo mtu analipia upya, na wengi hawafiki huko. Iingizeni kwenye kozi ya kwanza, kabla ya mtu kupigwa picha akiwa na cheti chake. Lifuatie somo la kurusha boya la kuashiria ukiwa bado majini, kwa sababu boti haiwezi kumkwepa wala kumfuata mtu isiyemwona.

Kuna sababu inayofanya mambo kama haya yaachwe, na mnaijua. Walimu wengi hulipwa kwa kila cheti, tena malipo madogo, huku wao wenyewe wakilipia ada ya mwaka ya shirika na bima. Mwalimu wa namna hiyo akimwambia mwanafunzi "rudi kesho tufanye tena" anajikata mshahara. Nimewaona walimu wakifanya hivyo hata hivyo, na nawaheshimu sana. Lakini usalama wetu usitegemee mtu mmoja kukubali kula hasara. Walipeni kwa siku za kazi. Na kabla mtu hajalipia kozi, aambiwe kwa maandishi kundi litakuwa na wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja. PADI inaruhusu hadi wanane kwenye maji wazi, na pungufu ya hapo kukiwa na watoto wadogo. Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka kumi ana haki ya kuijua namba hiyo mapema, si siku ya kuingia majini.

Haraka hiyo ina alama ambayo mtu yeyote anaweza kuiona: vile vipande vya madini ya risasi anavyofungwa mpiga mbizi ili aweze kuzama. Mwanafunzi anayeelea hovyo anachelewesha darasa, kwa hiyo anaongezewa kilo mbili, kisha mbili nyingine, mpaka anapiga magoti chini na kutulia. Anafaulu mazoezi yote akiwa amepiga magoti. Halafu anapelekwa kwenye matumbawe akiwa na kilo zile zile. Ili asizame anajaza hewa kwenye jaketi la kuelea, kifua kinapanda, miguu inashuka, na kila akipiga mapezi anavunja kitu kilichochukua miaka mingi kukua. Anamaliza hewa mapema kwa sababu anasukuma maji kama mtu anayepanda ngazi. Kiongozi wake yuko mbele anamwonyesha kasa.

Matumbawe hayana akiba ya kuvumilia hilo. Aprili 2024 wanasayansi wa NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, walitangaza kwamba dunia imo kwenye tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote, na joto hilo la bahari hamkulileta ninyi. Mapezi na nanga ni zenu. Fundisheni mazoezi mtu akiwa anaelea, si akiwa amepiga magoti. Walimu kadhaa wanafanya hivyo tayari na wanafunzi wao wanatambulika kwa mbali. Pimeni uzito wa kila mgeni siku ya kwanza kwa dakika tano pembeni ya boti. Fungeni boti kwenye maboya. Mpango wa Green Fins, ulioanzishwa mwaka 2004 kwa ushirikiano na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, hukagua vituo kwa kanuni 15 na kuonyesha walivyofanya. Kumbe inawezekana kituo kukaguliwa na mtu wa nje na mteja akajua! Ukaguzi wa aina hiyo ufanyieni pia chumba cha kompresa.

Kwa wenye boti. Januari 1998 wanandoa wawili Wamarekani waliachwa baharini kwenye Great Barrier Reef, Australia, boti ikarudi bandarini bila wao. Ilichukua siku mbili kabla ya mtu kugundua, baada ya mali zao kuonekana zimebaki botini. Hawakupatikana. Baada ya hapo Queensland ilikaza sheria za kuhesabu watu. Kuhesabu vichwa kwa kidole haitoshi: mtu huhesabiwa mara mbili, aliyeko chooni husahaulika, na mwenye haraka hujibiwa "wote wapo". Kila mgeni aitwe kwa jina, aitike mwenyewe, na orodha isainiwe kabla ya injini kuwashwa.

Kwa boti za kulala, nawaomba msome ripoti ya NTSB, bodi ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri, kuhusu boti ya mbizi iitwayo Conception. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2019, karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, boti hiyo iliungua na watu 34 wakafa wakiwa chumba cha kulala cha chini. Hakukuwa na mfanyakazi wa doria usiku. Njia mbili za kutoka, ngazi na kitundu cha dharura, zote zilifikia chumba kimoja cha juu, na ndicho kilichokuwa kikiwaka. Yote mawili mteja anaweza kuyaona kwa dakika chache akionyeshwa. Kwa hiyo tuonyesheni, jua likiwa bado juu: hii ni njia ya kwanza, hii ni ya pili, inatokea mahali tofauti, pita mwenyewe ujaribu. Huyu ndiye atakayekuwa macho usiku, na hii ndiyo zamu yake. Betri za taa na kamera zinachajiwa hapa, si chumbani, na zikichajiwa kuna anayezitazama. Asiyeweza kutuonyesha hayo asiuze safari ya usiku.

Kila boti iwe na oksijeni ya dharura inayotosha kumfikisha mgonjwa kwa daktari, na chupa ifunguliwe mbele yetu tuone geji inasoma nini. Tujue pia chemba ya mgandamizo, ile inayotibu ugonjwa wa mapovu mwilini, iliyo karibu ni ipi, na kama inapokea wagonjwa usiku. Karatasi yenye namba ya simu iliyobandikwa miaka iliyopita bila mtu kuipiga si mpango.

Fomu ya afya ilifanyiwa marekebisho mwaka 2020 na madaktari wa mbizi, na ni nzuri kuliko ya zamani. Tatizo lipo kwenye kuitoa. Mgeni anapewa asubuhi ya safari, boti inangoja, amelipa na harudishiwi pesa. Akijibu "ndiyo" kwa swali la moyo au la kifua atabaki ufukweni akiwatazama wenzake wanaondoka. Ni nani atakayesema kweli? Itumeni siku anapolipia nafasi, pamoja na ahadi kwamba daktari akimkatalia atarudishiwa pesa zake zote.

Vifaa vya kukodi viwe na saizi za watu wote: wanawake, wanene, warefu, wenye miguu midogo. Mwanamke aliyevalishwa jaketi ya mwanamume linalompanda shingoni hataelea sawa hata awe hodari vipi. Wapiga mbizi wenye ulemavu nao wamekuwapo muda mrefu. Chama cha HSA kiliwaanzia mafunzo mwaka 1981. Wanachokosa sasa ni ngazi ya boti wanayoweza kuitumia na kiongozi aliyejiandaa kabla hawajafika. Na bei mnayoitangaza iwe ndiyo bei: ada ya hifadhi, kifaa, nitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) na cheti vikiwa ndani, au viwe vimeandikwa pembeni kwa herufi za ukubwa ule ule.

La mwisho ndilo gumu kwenu, nami nalitilia uzito kuliko yote ukiacha hewa. Ajali zenu hatuzioni. Mtu akifa majini tunapata mistari miwili kwenye gazeti, "alipata matatizo ya kupumua", kisha kimya. Kesi zikiisha kwa maelewano nje ya mahakama, kila kilichoweza kutufundisha kinafungiwa humo humo. Na kwa kila kifo kuna matukio mengi yaliyonusurika ambayo hayafiki popote: mtungi uliokuwa na harufu ya mafuta, mpira wa regyuleta uliochanika mita 20, kundi lililokokotwa na mkondo na kuokotwa jua likizama. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa bahati mbaya kifo kinamuumbua mwingine.

Njia zipo. Chama cha Uingereza cha BSAC huchapisha ripoti ya matukio kila mwaka, kikieleza kila tukio bila kutaja majina, na yeyote anaweza kuisoma. DAN nao hukusanya taarifa. Marubani wa Marekani wana mfumo unaoendeshwa na NASA tangu mwaka 1976, ambapo rubani huandika kosa au hatari aliyoiona, jina lake likalindwa, na funzo likatangazwa kwa wote. Mashirika yenu ya mafunzo yana wanachama kila pembe ya dunia na fomu za matukio tayari mnazipokea. Ziunganisheni pamoja, ondoeni majina ya watu, zichapisheni. Walimu waandike kwa lugha wanayoiongea, maana wengi wanaojaza mitungi na kuongoza wageni hawaandiki Kiingereza, na wao ndio wanaoona mengi kuliko wote. Anayetoa taarifa kwa nia njema asifukuzwe kazi wala kunyang'anywa hadhi yake.

Mkiona yote haya ni mengi kwa mara moja, anzeni na ripoti ya hewa. Inagharimu kipimo, karatasi na gundi. Shirika lolote linaweza kuifanya sharti kwa vituo vyote vinavyobeba nembo yake kuanzia msimu ujao, na kuorodhesha hadharani vilivyotimiza na ambavyo bado. Tunaomba jibu la maandishi kutoka kwa kila shirika, likitaja ni lini.

Wenu,

Mpiga mbizi, mteja wenu